Soksi Nyeupe za Nyota

Kila Jumamosi nyumba ya akina Nyota, mtaani Tshopo, ilinuka makaa na nguo safi. Hapo Kisangani, ambapo Wabelgiji waliotawala miaka ile walipaita Stanleyville, hakuna mama aliyekubali mtu wake avae nguo iliyoanikwa nje bila kupigwa pasi. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini na kufanya jipu. Basi mashuka yalipigwa pasi, nepi zilipigwa pasi, hata kitambaa cha kufutia sahani hakikusamehewa. Kazi hiyo sasa ilimwangukia Nyota, msichana wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa mama yake alikuwa amejifungua karibuni na homa haikutaka kumwacha. Baba alikuwa mbali mtoni, akifanya kazi kwenye meli iendayo Léopoldville, mji mkuu.

Wiki hiyo Nyota alifanya kazi huku akiimba. Sista Berthe, mwalimu wake, alikuwa amemchagua abebe bendera ya Bikira Maria mbele ya maandamano ya Jumapili. Sharti lilikuwa moja tu: soksi nyeupe ndefu za kufika magotini. Asiye nazo hatatembea.

"Uende Makiso, ununue soksi ya nguvu," Mama alimwambia kutoka kitandani, akimpa pesa zilizobaki nyumbani. "Miye sina miguu ya kufika kule. Kama kuna kitu haujui, uliza Tonton René."

Tonton René, yaani mjomba René kwa watoto wa mtaa, alikuwa jirani yao, naye aliuza katika duka la Mgiriki mmoja huko Makiso, katikati ya mji, karibu na bandari. Nyota alikwenda huko na rafiki yake Colette, ambaye mdomo wake haukujua likizo. René aliwawekea mezani soksi za namna mbili. Za kwanza zilikuwa za pamba, nzito, hazing'ai. Za pili zilikuwa laini na zilimeta.

"Ile ya pamba ni ya bibi!" Colette alicheka. "Chukua hii. Mimi niko na yangu kama hii."

"Bon, lakini hii ni nailoni," René alisema. "Nyota, unajua namna ya kuitunza?"

Nyota hakujua nailoni ni mnyama au mmea. Lakini Colette alikuwa anamtazama.

"Ndiyo, Tonton, najua," alijibu.

Jumamosi alizifua soksi zake za nailoni, maana kwao nguo ya dukani haikuvaliwa kabla ya kuguswa na maji. Zilikauka upesi hata akashangaa. Alasiri alipomaliza mashuka, akaichukua pasi ya makaa ikiwa bado moto sana, akaiweka juu ya soksi ya kwanza. Pasi ikanata. Harufu kali ikamwingia puani, na alipoinyanyua, soksi ilikuja nayo, imetoboka kama ndizi iliyoliwa na popo. Nyota akadhani pasi ndiyo chafu. Akaikwangua, akaipangusa vizuri, kisha akaijaribu soksi ya pili.

Ya pili nayo ikaenda njia ya mwenzake.

Maduka yalikuwa yamekwisha kufungwa. Pesa nyingine hazikuwepo. Alikimbia kwa jirani, Mama Asha, ambaye alipekua sanduku lake lote akapata soksi nyeusi za mtoto mdogo. Alikimbia kwa Colette, lakini Colette alikuwa na jozi moja tu. Aliporudi nyumbani, Mama aliziangalia zile soksi, akafumba macho.

"Mutoto wangu, hii pasi imeharibu soksi, sasa nifanye nini?" alisema. Hakuwa na la kufanya, na Nyota alijua hivyo.

Jumapili alikwenda kanisani na miguu mitupu iliyopakwa mafuta, akimwomba Mungu Sista asitazame chini. Sista alitazama chini.

"Soksi ziko wapi?"

"Zimeungua, Ma Sœur."

Sista Berthe alimshika bega kwa huruma, lakini sheria ni sheria. Bendera akapewa Colette, ambaye aliipokea bila kuinua uso. Nyota akaenda kusimama kando ya njia, kati ya watazamaji.

Hapo ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa ametoka kitandani, mtoto mgongoni, akijishikiza kwa Mama Asha, amekuja akitumaini Sista amemhurumia binti yake na kumwacha aongoze. Maandamano yakapita. Mama alitazama mbele, akatazama katikati, akatazama mwisho.

"Nyota iko wapi?" alimuuliza Mama Asha. "Simuoni."

Nyota alikuwa hatua chache tu nyuma yake. Alisogea, akamshika nguo.

"Mama, niko hapa."

Mama hakumgombeza. Alimshika mkono tu, na Nyota akalia kwa aibu hadi nyumbani.

Baba aliporudi na mshahara, na Mama alipopona, yeye na Nyota walikwenda kwa Tonton René kununua soksi za sherehe ya mwisho wa mwaka wa shule. Mama aliingiza mkono ndani ya soksi, akatanua vidole, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Angalia kama uzi umebanana. Vuta, uachilie, ikibaki imelegea, iache. Sasa gusa kisigino na vidole, ndiko inakwisha kwanza." Kisha akampa pesa. "Alors, chagua wewe."

Nyota alishangaa kuaminiwa tena. Alizikagua moja baada ya nyingine, akashika jozi ya pamba.

"Tonton, hii sijui. Inavumilia pasi?"

"Inavumilia sana," René alisema. "Ile ingine, ya nailoni, haitaki moto kabisa. Siku ile nilitaka kukuambia, lakini ulisema unajua."

Nyota aliinamisha kichwa. Walipotoka nje, Mama akamwambia, "Umesikia? Miye nililaumu pasi, lakini pasi ilifanya kazi yake. Kilichounguza soksi ni ile 'najua' yako. Kuuliza si haya, mutoto wangu. Haya ni miye kukutafuta kwa maandamano na sikuoni."