Orodha ya Yaliyozimwa

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilinuka spiriti na nywele. Kipara, bosi wa genge, alikaa kwenye kiti cha wateja kilichovunjika mkono, akachora nyuma ya kalenda. Geti la ndani. Geti la nje. Katikati, mizani.

"Lori linaingia kati, geti la nyuma linafungwa," alisema. "Linapimwa dakika sita, la mbele linafunguka. Mlinzi hasomi karatasi. Anaangalia taa tu. Ikiwaka kijani, anarudi kwenye simu yake."

Breki, dereva, alicheka. Nukta hakucheka. Yeye ndiye aliyetakiwa kuiwasha hiyo taa.

Alikuwa fundi kompyuta wa ghala lenyewe, mwaka wa nne sasa. Programu za pale zilikaa ndani ya makontena. Haya hayakuwa ya chuma. Yalikuwa masanduku ndani ya kompyuta, kila programu imefungiwa na vitu vyake vyote, na Nukta aliyawasha, kuyazima na kuyafuta kwa amri alizoandika kwenye dirisha jeusi. Kontena moja liliongoza mageti. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nakala yake, kuingiza humo kibali cha lori la Breki, kuzima kontena la kweli na kuwasha nakala. Shaba ya ghala, waliyopanga kuiiba, ikishatoka, afute nakala na kuliamsha la kweli. Hilo litakuwa limelala muda wote, halina la kusimulia.

Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa kaka yake Nukta, siku ya tatu sasa mikononi mwao. Mdomo umepasuka, mikono katikati ya magoti. Duka lilikuwa lake. Kwa maelezo ya Kipara, kosa lake ni kuona asichotakiwa kuona. Wembe wa kaka huyu ndio uliomsomesha Nukta tangu baba yao alipofariki, na Nukta alimpenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Kipara alitoa kufuli mfukoni, akaliweka juu ya kalenda.

"Huyu anabaki humu. Ufunguo ninao mimi. Kazi ikinyooka, saa nane unamchukua. Ikienda kombo, utamzika."

"Fanya wanachotaka, mdogo wangu," kaka alisema bila kuinua macho.

Saa 6:50 mchana.

Wenzake walikwenda kula. Nukta alisema hana njaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile alisema kweli. Chumba cha seva hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulifunguka kwa kadi, baridi ya mashine ikampanda miguuni. Aliorodhesha makontena. Akazima la kweli, akawasha nakala.

Kulikuwa na la tatu. Alilitengeneza jana yake, akaliita akiba. Ndani aliweka sauti ya Kipara aliyoirekodi kwa siri, namba za simu, namba ya lori, na ukurasa mmoja wenye majina ya waliohusika. Kisha akalizima. Amri ya kawaida ya orodha huonyesha makontena yaliyo hai tu. Yaliyozimwa hayatokei mpaka uongeze herufi moja mwishoni. Saa nane, akishamshika kaka yake mkono, angeupeleka ukurasa ule kwa mkuu wa ulinzi. Huo ndio uliokuwa mlango wake pekee wa kutokea.

Saa 7:14.

Kwenye kamera, lori lilitoka uani limeinama kwa uzito wa shaba. Taa ikawa kijani. Likaingia kwenye mizani, geti la ndani likajifunga nyuma yake. Mlinzi alitazama taa, akarudi kwenye simu.

Dakika sita. Mtu mwenye akili angekaa kimya dakika sita. Kipara hakuwahi kukaa kimya dakika sita.

Simu ya Nukta ilitikisika. "Nipigie picha orodha yako," Kipara alisema. "Nataka nione hujanifichia kitu."

Alituma. Programu za kila siku na nakala ya mageti, zote hai. Alimsikia Kipara akipumua, akamsikia akimnong'oneza mtu.

"Hii ni ya yaliyo hai," Kipara alisema. "Ongeza ile herufi. Nataka na yaliyozimwa."

Nukta aliondoa vidole kwenye vitufe.

Kipara alikuwa hajui hata kubadilisha mlio wa simu. Wenzake wa ofisini hawamjui Kipara. Herufi ile Nukta alimfundisha mtu mmoja tu asiye fundi, kwenye kompyuta yake, duka likiwa limefungwa, siku aliposema amechoka na wembe na anataka kazi ya kukaa. Alikuwa ameielewa haraka. Alicheka, akasema hata yeye huhesabu vichwa vilivyo kitini tu, vya benchi havioni.

Nukta aliandika amri moja fupi. Nakala ikazimika. Mageti yote mawili yakabaki yamefungwa, taa ikafa.

"Nini hicho?" Kipara alisema. "Washa."

"Mpe simu kaka yangu."

Kwenye simu alisikia mlango wa lori ukibamizwa. Kwenye kamera Breki alirukia geti la nje, akateleza, akaangukia viganja vyake. Mlinzi sasa alikuwa amesimama.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi, ila haikuwa na woga. "Fungua. Sehemu yako ipo, nilikutengea. Ningekueleza."

"Nani alikupasua mdomo?"

"Nilijipasua mwenyewe. Nisingefanya hivyo ungekubali?"

Lingekuwa jambo la kuchekesha, kama angekuwa kaka wa mtu mwingine. Nukta alishika ukingo wa meza.

"Ukituacha humu kwenye lori, na wewe umo," kaka alisema. "Ni mikono yako iliyoandika. Mama atabaki na nani?"

Alisema kweli. Mlango wa chumba cha seva ulimtazama Nukta, na kadi ilikuwa shingoni mwake, na hakukuwa na pa kwenda. Huko nje king'ora kilianza.

Aliweka simu mezani bila kuikata. Aliliamsha kontena la akiba, akaufungua ukurasa wa majina. Mstari wa mwisho aliuandika jana, kwa upendo wote: Kinyozi, kaka yangu, yumo kwa kulazimishwa.

Alifuta maneno mawili. Kinyozi, kaka yangu, yumo.

Chini yake akaongeza: Na mimi nimo. Walinzi walipogonga mlango wa chumba cha seva, akaenda kuwafungulia.