Bima Waliyolipa Bila Kuijua

Glenda Ackroyd alitoka kazini alasiri, miguu ikimuuma. Alikuwa mpishi katika jiko la shule moja mjini Keighley, Uingereza. Kutwa alikuwa amemenya viazi na kusugua masufuria. Alipanda kilima polepole, mkate mkononi, akafungua mlango wa nyumba yake.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ilikuwa imekufa tangu Januari. Sasa ilikuwa Mei ya mwaka 2019, mwezi ambao kule joto huanza, lakini vilima vya Keighley havijui Mei. Mumewe, Royston, alikuwa amekaa sebuleni na koti lake la kijani. Alishinda nalo, na siku nyingine alilala nalo.

"Umekula?" Glenda akauliza.

"Nimekula baridi."

"Na mkate wa jana?"

"Ulikuwa mgumu. Nikawapa ndege."

"Ndege wa mtaa huu wanakula vizuri kuliko mimi," Glenda akasema, akaenda kuchemsha chai.

Simu ikalia. Alikuwa kijana wa kampuni fulani ya kudai fidia. Alipiga karibu kila siku, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kuchosha.

"Mama, mliwahi kukopa benki? Huenda mliuziwa bima ya mkopo isiyowafaa. Sisi tutawadaia. Nyinyi mtie sahihi tu. Tukishinda, tunachukua sehemu yetu."

"Sehemu gani?"

"Ndogo tu, mama."

Glenda alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka hutia sahihi chochote ili aachwe akae chini. Nalijua hilo, maana nimechoka mara nyingi. Akamwambia kijana alete fomu.

Ni kweli walikuwa wamekopa. Mwaka 2006 Royston alikuwa akisafisha madirisha ya watu. Hakuwa na bosi, alijiajiri mwenyewe. Wakakopa pamoja, mume na mke, wakanunua gari dogo la kubebea ngazi na ndoo. Miaka minne baadaye Royston akateleza kwenye ngazi na kuumia mgongo. Hakupanda ngazi tena. Deni likalipwa kwa mshahara wa viazi na masufuria.

Lilipokwisha, mwaka 2013, Glenda ndiye aliyetoa shauri. Kila tarehe tano ya Novemba watu wa kule huwasha moto mkubwa nje, wakarusha fataki na kula keki nyeusi ya tangawizi. Juu ya moto huweka sanamu la matambara. Mwaka ule Glenda alibeba karatasi zote za mkopo, akazitupa motoni mbele ya majirani. Watu wakashangilia.

"Hatukuchelewa kulipa hata mwezi mmoja!" Royston alipaza sauti. "Hata mmoja!"

Tangu hapo alirudia maneno hayo kila Ijumaa katika klabu ya wazee. Mgongo ulikuwa umekwenda, gari lilikuwa limeuzwa. Maneno hayo ndiyo yaliyombakia.

Jumamosi Glenda alikuwa akianika nguo uani. Jirani yake, Nasreen Mahmood, naye alikuwa akianika zake. Nasreen alifanya kazi katika ofisi ya ushauri mjini, mahali ambapo watu husaidiwa bila malipo. Glenda akamweleza habari ya yule kijana wa simu.

"Dada, usitie sahihi," Nasreen akasema. "Watachukua moja ya tano ya pesa yenu, na kodi juu yake. Kwa kazi gani? Kuandika barua unayoweza kuiandika mwenyewe."

"Hiyo bima yenyewe ni kitu gani?"

"Ilikuwa bima ya kulipa mkopo kama mkopaji akiugua au akikosa kazi. Si mbaya kwa kila mtu. Lakini benki nyingi ziliwauzia watu ambao isingewasaidia kamwe. Wengine walikuwa wamejiajiri, kama Royston, na bima iliwalinda walioajiriwa tu. Wengine waliambiwa bila bima hakuna mkopo. Wengine hawakuambiwa kabisa, ikachomekwa tu kwenye malipo."

"Sikumbuki kama sisi tulikuwa nayo. Na karatasi tulizichoma."

"Nakumbuka. Nilipiga makofi," Nasreen akasema. "Na keki nikala."

"Basi tumejimaliza wenyewe."

"Hapana. Mlichoma nakala yenu. Benki haikuchoma yake. Sheria inakupa haki ya kuomba taarifa zako zote wanazozishika. Ni bure. Kwa kawaida wanatakiwa wajibu ndani ya mwezi mmoja. Watakupa mkataba, malipo yote, hata maelezo ya simu ulizowahi kuwapigia."

Glenda akasimama na shati lililolowa mkononi.

"Hata simu?"

"Karani huandika kila unachosema. Kwa nini?"

Glenda akatazama dirisha la nyumba yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tulichelewa, Nasreen. Miezi miwili, Royston alipoanguka. Nikapiga simu benki nikawaomba. Yeye nikamwambia nimeongezewa saa za kazi, ndizo zinazolipa deni. Unadhani kwa nini niliharakisha kuzichoma zile karatasi?"

Nasreen hakucheka. Akachukua ncha moja ya shuka la Glenda, wakalikamua pamoja.

"Siwezi kukuamulia hilo," akasema. "Ila ujue, benki hazitunzi kumbukumbu milele. Nyingi hufuta baada ya miaka kama sita tangu mkopo uishe, na yenu inakaribia. Na siku ya mwisho ya kulalamika kuhusu bima hizi ni mwishoni mwa Agosti. Ukikaa sana, utakuwa umechoma mara ya pili."

Glenda alikaa na jambo hilo wiki nzima. Kazini aliunguza sufuria mbili. Usifikiri ilikuwa rahisi. Kumvua mtu fahari yake ya mwisho ni jambo zito, hata kama fahari yenyewe ni ya uongo. Lakini kila asubuhi alimsikia Royston akikohoa ndani ya koti. Mganga wa zahanati alikuwa amesema kifua kile hakitavumilia msimu mwingine wa baridi katika nyumba ile.

Jumapili akamwita Nasreen jikoni, waiandikie benki. Nasreen akamwambia ataje jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, nyumba zote alizoishi tangu wakope, na aambatishe nakala ya kitambulisho.

"Nyumba zote za nini?" Glenda akauliza.

"Mlikopa mkiwa mtaa wa chini. Wakitafuta kwa anwani ya hapa tu, watakwambia hawakujui."

Barua ilikuwa fupi. Ilisema: "Naomba nakala ya taarifa zangu zote binafsi mnazozishika, pamoja na mikopo yangu yote, bima yoyote iliyoungana nayo, na maelezo ya simu." Akabaki na nakala, akaituma kwa njia ya posta yenye kutiwa sahihi ya mpokeaji. Fomu ya kampuni ilipofika, aliifungia maganda ya viazi.

Bahasha nene ikaja katikati ya Juni. Glenda alirudi kutoka kazini akaikuta mezani. Ilikuwa na jina lake, na Royston hakuigusa. Alikuwa amekaa mbele yake kama mtu anayengoja zamu kwa daktari.

"Ya benki," akasema. "Tunadaiwa?"

"Hapana." Glenda akaketi bila kuvua koti. Akaisogeza bahasha upande wa mumewe. "Isome wewe. Mimi nilikuwepo."

Royston akasoma polepole. Kwenye mkataba kulikuwa na bima ya mkopo, imelipwa yote mwanzoni kwa pesa ya mkopo uleule, na riba juu yake. Kwenye nafasi ya kujaza kazi ya Royston, benki yenyewe ilikuwa imeandika: amejiajiri. Kisha akafika kwenye maelezo ya simu za mwaka 2010. Akasoma kwa sauti.

"'Mke amepiga simu. Miezi miwili haijalipwa. Mume ameanguka. Mke analia. Anaomba kulipa kidogo kidogo. Anaomba mume asiambiwe. Ameelezwa kuwa bima yao haimsaidii mume, kwa kuwa amejiajiri.'"

Akaweka karatasi chini.

"Miezi miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikajigamba pale klabu miaka yote hiyo. Umeniacha niwe mjinga."

"Nilikuacha uwe na kitu, Roy. Ulikuwa umelala hapo huwezi hata kujifunga viatu."

Royston akainuka, akaenda dirishani. Glenda aliogopa. Alikuwa amechoka mno, hata hakuweza kujitetea.

"Ulilia?" Royston akauliza bila kugeuka.

"Kidogo."

"Wameandika unalia. Hawakuandika kidogo."

Akarudi, akaketi karibu naye, akamvua viatu vya kazi. Mgongo wake ulimuuma alipoinama, lakini alivivua vyote viwili.

"Haya, hiyo barua ya malalamiko inaandikwaje?" akasema. "Mwite Nasreen kabla sijaghairi."

Mkopo ulikuwa wa wote wawili, kwa hiyo wote wakatia sahihi. Walieleza mambo matatu tu: walipokopa hawakuambiwa kuwa kuna bima, benki ilijua Royston amejiajiri, na alipoanguka bima haikumfaa. Wakaambatisha ule mkataba na yale maelezo ya simu. Siku ile ya simu Glenda alikuwa akilia, na neno la bima lilimpita.

"Benki ina wiki nane," Nasreen akawaambia. "Wakikataa, au wakinyamaza, mnakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha. Huyo naye ni bure. Msimlipe mtu yeyote."

Hawakufika huko. Mwezi wa Agosti benki ilikubali kosa. Ikarudisha pesa ya bima, riba yake, na nyongeza ya miaka yote iliyopita. Septemba fundi akaja kufunga boila mpya. Na yule kijana alipopiga simu, Royston ndiye aliyeipokea.

"Umechelewa, mwanangu," akamwambia. "Mke wangu amekuwahi."

Novemba tano ikafika. Majirani wakawasha moto, na juu yake sanamu la matambara likakaa limevaa koti la kijani. Watu walilitambua, wakacheka.

"Mwaka huu hamna karatasi za kuchoma?" Nasreen akauliza, keki mkononi.

"Karatasi zangu ziko kwenye kopo la biskuti, na hazitoki," Royston akasema. Kisha akapaza sauti, wazee wa klabu wakageuka. "Sikilizeni! Tulichelewa kulipa miezi miwili. Miwili! Mke wangu ndiye aliyetutoa kwenye deni, na benki yenyewe imeandika."

Glenda akamwambia anyamaze, watu wanamtazama. Royston akamshika mkono, wakasimama kutazama koti likiungua.