Wanawake Wenye Makafi

Pu, pu, pu. Ukungu ulikuwa bado umelifunika Ziwa Mweru, na msichana Mwewa hakuona hata ncha ya mtumbwi, lakini sauti ile aliijua tangu utotoni. Wanaume walikuwa wakiyapiga maji kwa fito ili samaki wakurupuke na kuingia nyavuni. Kila asubuhi ilimwamsha, na sasa, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, kila asubuhi ilimkasirisha. Wao walikuwa majini. Yeye alikuwa ufukoni Nchelenge na mama yake, Eness, wakipuliza moto chini ya chanja ya kukaushia samaki.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, 1954, mtumbwi uliowapeleka wanawake Kisiwa cha Kilwa, humohumo ziwani, kununua samaki ulipinduka. Wapiga kafi waliogelea wakafika nchi kavu. Wanawake walizama wote, miongoni mwao mke wa Mjomba Kapembwa, kaka mkubwa wa Eness. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kuogelea. Mwanamke na kafi wapi na wapi, watu walisema, na hata baada ya matanga waliendelea kusema vivyo hivyo.

Aliyekataa kunyamaza ni Shangazi Olipa, binamu wa baba yake Mwewa. Yeye alikulia Chienge, kwa baba asiye na watoto wa kiume, na ziwa alilijua kama jiko lake. Alimsumbua Kapembwa mpaka akamwazima mtumbwi mkuukuu awafundishie wanawake. Kapembwa alitoa sharti moja: siku mwanamke yeyote akipatwa na ajali, mafunzo yamekwisha, na mtumbwi atauchanja kuni.

Olipa naye alikuwa na sharti lake. Hakuna kwenda maji makuu kabla mtu hajajipindua kwa makusudi, maji yakiwa ya kifuani, na kurudi mtumbwini bila msaada. Eness, aliyekuwa akiogopa hata kulowa magoti, alijipindua tena na tena mpaka akaweza, akitema maji na kucheka. Mwewa alikwepa kila mara. Kwa kupiga kafi aliwashinda wote, na kuanguka majini mbele ya watu aliona ni aibu.

Asubuhi ile ukungu ulipoinuka, wavulana walikuwa wamekaa mchangani wakisubiri mashua ya barafu ya wanunuzi wa samaki kutoka Kasenga, upande wa Kongo. Mutale, mwenye mdomo kuliko wote, alimwona Mwewa akichota na kumwaga maji yaliyoingia ndani ya mtumbwi mkuukuu.

"Dada, huo ni mtumbwi au kitanda?" aliuliza. "Mbona kila siku mnalala nao hapohapo?"

Wenzake walicheka. Mmoja alisema labda akina mama wanangoja ziwa lichemke watie chumvi. Mwewa alihisi masikio yakiwaka moto. Olipa alikuwa bado hajafika, na maji mbele yake yalikuwa yametulia kabisa. Aliusukuma mtumbwi, akaingia, akasimama wima kama wanaume wanavyosimama, akaondoka.

Mwanzoni mtumbwi ulikwenda wenyewe, naye akajisifu moyoni. Alipogeuka, nyumba zilikuwa ndogo. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu. Karibu na ufuko, miti iliuzuia. Huku mbele haukuwa na kizuizi. Alijaribu kugeuza, wimbi likampiga ubavuni, na mara akawa chini ya maji. Aliibuka, akaung'ang'ania mtumbwi uliopinduka, huku upepo ukizidi kumsukuma kuelekea Kongo. Akapiga kelele.

Ufukoni kicheko kilikatika. Wavuvi walikuwa mbali, na mtumbwi uliobaki ni mmoja tu, mtumbwi mpya wa Kapembwa, nyavu zikiwa zimepangwa ndani tayari kwa kazi. Watu waliamini kwamba mwanamke akikanyaga nyavu, samaki huzikimbia. Olipa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika, na Eness walizikanyaga. Walipiga kafi, mama mbele, shangazi nyuma, wakamfikia Mwewa, wakampandisha kwa upande wa tezi, yaani nyuma, ili mtumbwi usilale. Kisha wakaufunga ule mkuukuu kwa kamba, wakauvuta polepole mpaka nyumbani.

Kapembwa alikuwa akiwasubiri na shoka.

"Ajali imetokea," alisema. "Na nyavu zangu mmezikanyaga. Mambo yenu yamekwisha."

Eness, ambaye hakuwahi kumjibu kaka yake maishani, alisimama mbele ya mtumbwi mkuukuu, maji yakimchuruzika.

"Kaka, mke wako alipozama, nyavu zako hazikuwa zimekanyagwa na mwanamke yeyote. Zilimsaidia nini? Leo zimekanyagwa, na mwanangu anapumua. Chanja mtumbwi ukitaka. Lakini niambie kwanza, binti yako Chabu atalivuka ziwa hili akimtegemea nani?"

Chabu, mtoto wa miaka saba, alikuwa nyuma ya baba yake, akitazama maji yaliyomchukua mama yake. Kapembwa aligeuka akamwangalia. Aliliteremsha shoka, akamwambia Olipa, bila kumtazama usoni, kwamba mtumbwi unavuja tezini na yeye atakuja kuuziba.

Mwewa alianza kutabasamu. Olipa alimkatiza.

"Usifurahi," alisema kwa ukali. "Hasira yako ni ya haki, hata mimi ninayo. Lakini upepo hauulizi nani ana haki. Ungeutazama moshi wa mama yako, ungeona unalalia ziwani. Uliona aibu kujifunza kuanguka, na nusura wenzako wote wanyang'anywe masomo kwa ajili yako. Anayedai kitu alichonyimwa lazima ajifunze kwa bidii kuliko mwingine, maana kosa lake moja linangojwa na wengi."

Mwewa alilia kwa hasira, safari hii juu ya nafsi yake. Kisha alifuta uso, akapita mbele ya Mutale bila kuinamisha kichwa, akapiga magoti mbele ya Chabu.

"Kesho nitajifunza kuanguka, hata wakicheka," alimwambia. "Halafu nitakufundisha wewe. Na sitakupeleka mahali ambapo siwezi kukurudisha."