Sahani ya Bi Mauwa na Paka Wanne

Sogeeni, wanangu. Sogeeni, tukae pamoja. Hadithi yangu ina paka wanne, sahani moja, na machozi. Machozi yenyewe si haba, lakini msiogope. Machozi hukauka.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Raya. Alikuwa na miaka sita na pengo moja mbele. Alikaa Wete, kule Pemba, yeye na mama yake.

Jirani yao alikuwa Bi Mauwa. Nyumba zao ziligusana ukuta kwa ukuta. Mama akipiga chafya huku, Bi Mauwa husema kule, "Pole, mwanangu!"

Kila siku alasiri, Bi Mauwa alitoka na sahani yake ya bati. Ilikuwa nyeupe, na katikati ilikuwa na ua jekundu. Aliketi mlangoni, akaigonga kwa kijiko.

Keng! Keng! Keng!
"Njooni, wanangu, njooni mle!"

Hapo sasa ungeona mambo! Mikia juu! Paka walikuja mbio, huyu kutoka kichochoroni, yule kutoka juu ya paa. Hawakuwa na mwenyewe, paka hawa. Kwao kulikuwa hapo mlangoni.

Alikuwapo Tui, mdogo, mweupe pe. Alikuwapo Bizari, wa manjano. Alikuwapo Kaimati, mnene, mviringo, mvivu huyo, usiseme!

Na alikuwapo Masizi. Masizi alikuwa mzee, mweusi tititi, sikio moja limechanika. Yeye alikuja wa mwisho, pole pole. Akishakula, alilala juu ya miguu ya Bi Mauwa.

Lakini Bi Mauwa hakulisha paka tu. Akipika kitu kizuri, alikitia sahanini kwa ajili ya majirani. Alikifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili chenye ncha juu. Kisha akaita.

"Raya! Miguu yako iko wapi?"

"Ninayo, Bibi!"

"Haya, ipeleke kazini."

Raya alipeleka. Na kila mlango aliofika, alisema maneno yale yale.

"Hodi! Bi Mauwa anakusalimu. Anasema, pokea hiki."

Na kila sahani ilirudi na kitu. Mara ndimu mbili. Mara kipande cha muhogo. Mara chumvi kidogo tu.

"Sahani ya jirani hairudi tupu," Bi Mauwa alisema. "Ikirudi tupu, inaona haya." Raya alicheka. Sahani ione haya!

Siku moja, alasiri ilifika. Raya akatega sikio.

Hakuna keng. Hakuna keng. Hakuna keng.

Paka wanne walikuja. Walikaa mlangoni, mikia imelala.

Mama alikwenda kutazama. Alikaa kule ndani kitambo. Alipotoka, alikuwa ameshika upindo wa kanga mdomoni.

"Raya, mwanangu. Bi Mauwa amekufa."

"Ataamka saa ngapi?" Raya aliuliza.

"Haamki tena, mwanangu. Mtu akifa, haamki."

Mama aliketi pale pale chini, akalia. Raya hakuwahi kumwona mama akilia vile. Alimshika mkono, akaukamata sana.

Watu wakaja. Mikeka ikatandikwa. Wanawake ndani, wanaume barazani, wakasoma, wakaomba dua. Siku ya tatu wakasoma khitma. Kisha mikeka ikakunjwa, na kila mtu akarudi kwao.

Paka hawakurudi kwao. Warudi wapi?

Nyau? Nyau?
Bi Mauwa yuko wapi?

Hakuna aliyewajibu.

Sasa, Bi Mauwa alikuwa na mtoto mmoja, mtu mzima, jina lake Makame. Makame alitoka Unguja kuja kumzika mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa hasemi sana.

"Ijumaa, nikishaswali, nitafunga nyumba nirudi Unguja," alimwambia mama yake Raya.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Raya. "Na paka je?"

Makame aliwatazama paka. Akashusha pumzi.

"Paka nitawatia guniani, nikawaache sokoni. Kule watapata vichwa vya samaki."

Moyo wa Raya ulifanya du! Sokoni kuna magari. Sokoni kuna mateke. Sokoni hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba Tui anaitwa Tui.

Jioni ile alimshika mama kanga.

"Mama, tuwachukue sisi."

"Hapana, Raya."

"Mmoja tu! Masizi tu!"

"Masizi! Masizi yule aliyeniibia samaki, changu watatu, kikaangoni? Paka ndani ya nyumba yangu, staki kusikia."

Juu ya kabati palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa. Mama alikitazama kidogo, akageuza uso haraka. Kisha akasema amechoka, akaenda kulala mapema. Raya alimsikia akivuta makamasi gizani.

Asubuhi ilikuwa Jumatano. Raya alikaa kizingitini na paka wanne, akawaza, akawaza.

Bi Mauwa alikuwa akifanyaje akiwa na kitu kizuri? Alikifunika kwa kawa. Akakipeleka kwa jirani.

Basi Raya alichukua kapu. Akamtia Tui ndani. Akamfunika kwa kawa.

Akaenda kwa Bi Kazija, nyumba ya tatu. Bi Kazija alikuwa rafiki wa Bi Mauwa tangu utotoni. Miguu ilikuwa inaijua njia. Mdomo nao ulikuwa unayajua maneno. Ukayasema wenyewe, kabla Raya hajaukamata.

"Hodi! Bi Mauwa anakusalimu. Anasema, pokea hiki."

Lo! Bi Kazija alisimama kama kigogo. Mchele aliokuwa akipepeta ukamwagika wote.

"Umesema nani, mtoto wewe?"

Raya akakumbuka. Bi Mauwa hasalimu tena mtu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka.

"Nimekosea, Bi Kazija! Nimezoea! Nimezoea tu!"

Bi Kazija hakugomba. Alipiga magoti juu ya mchele, akafunua kawa.

"Nyau," alisema Tui.

"Yarabi toba!" alisema Bi Kazija. Akacheka na kulia, vyote kwa pamoja. "Nikadhani ni vitumbua!"

Raya akamweleza yote. Gunia, soko, Ijumaa. Bi Kazija akamtoa Tui kapuni, akamfuta kwa upindo wa kanga.

"Miaka yote hiyo sijakikataa kitu alichoniletea Bi Mauwa. Nitaanza leo? Huyu ni wangu."

Kisha akatia vichwa viwili vya samaki kapuni.

"Kapu nalo halirudi tupu," alisema.

Paka watatu walikula vile vichwa pale mlangoni. Hakukuwa na keng. Lakini walikula.

Mchana Raya alimpeleka Bizari kwa Mzee Faki, fundi cherehani. Safari hii aliushika mdomo wake vizuri.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Faki. Nimekuletea paka."

"Marahaba. Anakamata panya?"

"Anakamata!"

"Mlete, mlete! Juzi panya wametafuna suruali ya bwana harusi. Mguu mzima!"

Bizari akaruka juu ya vitambaa, akajilaza. Kapu likarudi na kishikizo cha bluu na pipi moja.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Kaimati. Raya hakujua ampeleke wapi. Lakini kumbe! Bi Kazija alikuja mwenyewe, Tui amening'inia begani.

"Mtoto huyu kanililia usiku kucha," alisema. "Nipe na mnene, wakae wawili."

Kaimati hakuamka hata kidogo. Alibebwa akikoroma. Khoo, khoo, khoo.

Akabaki Masizi.

Raya alileta kapu. Masizi akatoka nje ya kapu. Raya akaleta kawa. Masizi akaisukuma kwa mguu wake wa nyuma, akarudi mlangoni. Raya akamvuta. Masizi akamparura, kwaruu! Damu ikatoka kidogo.

"Mbaya wewe!" Raya alilia. "Hujui kesho ni Ijumaa?"

Masizi hakujua Ijumaa. Alijua mlango tu. Alikaa, akautazama.

Nyau? Nyau?
Bi Mauwa yuko wapi?

Ijumaa ikafika. Haikuchelewa hata kidogo, Ijumaa ile.

Makame alirudi kutoka msikitini. Akafunga madirisha. Akafunga mlango. Kacha! Ufunguo akautia mfukoni. Mkononi alishika gunia.

Masizi alisimama. Aliukwaruza mlango. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakufunguliwa.

Raya akaketi karibu naye. Hakujaribu kumkamata.

"Masizi," alisema pole pole. "Bi Mauwa amekufa. Haamki tena. Mtu akifa, haamki."

Ilikuwa mara ya kwanza Raya kuyasema maneno hayo kwa mdomo wake. Yalikuwa mazito mno. Aliinamia magoti yake, akalia, akalia, mpaka kwikwi zikamshika.

Makame alisimama na gunia lake. Hakulifungua. Hakuondoka.

Ndipo mama yake Raya akatoka. Mikononi alikuwa na kile kitu cha juu ya kabati. Kitambaa hakipo tena. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, yenye ua jekundu katikati.

"Kaka Makame," alisema mama. "Hii ni sahani ya mama yako. Nilipoumwa homa, aliniletea uji. Nikasema, nikipona nitampikia kitu kizuri, nimrudishie. Nikapona. Nikasema kesho. Nikasema tena kesho, naye akawa anawagongea paka sufuria tu. Na yeye akafa, sahani yake iko kwangu."

Makame aliinama.

"Sahani ya jirani hairudi tupu," alisema mama. "Lakini leo nimrudishie nani?"

Raya alitazama sahani. Ndani yake mlikuwa na samaki. Changu mzima, wa kukaanga, amekwishatolewa miiba.

Mama aliketi mlangoni pa Bi Mauwa, pale pale alipokuwa akiketi mwenyewe. Akatoa kijiko kwenye fundo la kanga. Mkono wake ulikuwa haujazoea.

Keng.

Sikio la Masizi, lile lililochanika, likasimama.

Keng. Keng.

"Njoo," alisema mama. "Njoo, mwanangu, njoo ule."

Masizi aliutazama mlango. Akamtazama mama. Akautazama tena mlango, sana.

Kisha akaja. Pole pole, kama kawaida yake. Akala changu wote, akaramba ua jekundu mpaka likang'aa. Akageuka mara moja, akageuka mara mbili, akalala juu ya miguu ya mama.

"Huyu mwizi," alisema mama, huku analia. "Huyu mwizi mkubwa."

Makame alilikunja gunia likawa dogo. Akafuta macho kwa kofia yake.

"Sahani kaa nayo, dada," alisema. "Usiirudishe. Kaa nayo, na anayekula humo kaa naye."

Basi jua likashuka. Makame akaenda zake na begi lake, na nyumba ya Bi Mauwa ikabaki imefungwa. Ilikuwa kimya. Raya aliitazama, na moyo ulimuuma bado.

Baada ya chakula, mama alimtandikia Raya kitanda. Masizi akapanda bila ya kukaribishwa. Akajilaza miguuni.

Khrrr, khrrr, khrrr.

"Mama," alisema Raya. "Kesho tutaigonga tena sahani?"

"Tutaigonga. Kesho, na kesho kutwa."

"Na Bi Mauwa atasikia?"

Mama alimfunika shuka mpaka kidevuni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini Tui atasikia. Na Bizari. Na Kaimati, akiamka. Na mimi nitasikia."

Raya aliweka mguu wake chini ya tumbo la Masizi. Palikuwa na joto. Akalia kidogo tu, kisha akalala.

Nanyi laleni, wanangu. Hadithi mmeipokea, imejaa. Kesho mnirudishie yenu, na isije tupu.