Mgeni wa Tano Ghubani kwa Tarrant

Watu watano waliofunika nyuso waliingia jikoni kwa Garland Pardy, na mbwa akajikunyata chini ya benchi akilia. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mwenye akili, lakini nani ana akili wakati wa Krismasi, ramu ikiwa mezani?

Ndivyo tufanyavyo huku Newfoundland. Watu hujitanda mapazia usoni, huingia nyumba za majirani na kuzungumza kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti zisijulikane. Mwenye nyumba hukisia. Akimtaja mgeni, mgeni hufunua uso, hupewa kiti, na aombalo hanyimwi.

Wanne walitajwa, wakafunua nyuso kwa vicheko. Wa tano alibaki mlangoni. Viatu vya wenzake vilikwisha kukauka kwa joto la jiko. Yeye alizidi kuchuruzika maji, na jikoni kukanuka tope la chini ya bahari.

"Huyu mmekuja naye?" aliuliza Selina, mke wa Garland, mkono juu ya tumbo lake kubwa la uja uzito.

"Sisi? Tumetoka wanne," mmoja akajibu, kicheko kimemkauka.

"Garland, mwanangu, usikisie," mama yake, Drusilla, akanong'ona. "Asiyetajwa huondoka mwenyewe."

"Mama nawe, kwa uoga! Ni Obed huyu. Siye? Basi kasisi!" Garland akajipiga paja. "Hee, basi ni Kapteni Tarrant mwenyewe, kaja kudai ghuba yake!"

Hakuna aliyecheka. Tarrant alizama na meli yake kwenye mlango wa ghuba hii yenye jina lake, siku aliyoondoka bila baharia wake mmoja: babu yake Garland, aliyekuwa amelewa, kalala kitandani.

Mgeni akainua pazia taratibu, na chini yake palikuwa na uso mweupe uliovimba, usio na macho, maji yakimtoka kinywani bila kukoma, yakitambaa sakafuni hadi miguuni pa Garland.

"Nimepungukiwa na mtu mmoja," akasema kwa kuvuta pumzi, na pumzi ile haikutoka tena.

Garland akavaa glavu zake kama mtu aliyeitwa kazini, akatoka. Selina alimvuta koti mpaka vifungo vikambakia mkononi.

Krismasi iliyofuata Drusilla alikomea mlango. Ukafunguka. Aliingia mgeni mmoja, pazia usoni, akichuruzika maji, mikononi glavu za kijivu zenye kidole gumba chekundu. Selina ndiye aliyezifuma. Uzi wa kijivu ulimwishia kabla ya kidole hicho. Alitamani kumrukia na kumkumbatia, maji yake na yote.

"Simjui," akasema, machozi yakimtiririka. "Mama, huyu simjui."

"Hapo hapo, mwanangu. Jikaze."

Mgeni akageuka kuondoka.

Mtoto aliyekuwa mapajani mwa Selina, ambaye hakuwahi kumwona mtu yule maishani mwake, akanyoosha mikono na kucheka.

"Baba," akaita.

Kidole gumba chekundu kikashika pindo la pazia.