Uso wa Mugeta Ukutani

“Shuka! Shuka kwenye hiyo ngazi, wewe binti!”

Marieta aligeuka, nusura aangushe kopo la rangi. Chini alisimama Mama Mugeta, mama mzazi wa mwanaume anayempenda, ndala za rangi mbili tofauti miguuni.

“Shikamoo, mama,” alisema akishuka.

“Kaa na shikamoo yako. Huyo uliyemchora ni nani?”

“Ni... Mzee Werema.”

Jamani, mapenzi! Mji wetu huu mdogo, ukitoka Bunda kwenda Butiama, uliamua kuwachora kwenye ukuta wa soko wazee wa kwanza kufika, wale waliofyeka pori wakalima pamba. Wengine waliacha picha. Mzee Werema, aliyewatangulia wote, hakuacha hata moja. Marieta alitakiwa kubuni sura, na binti wa watu kichwani alikuwa na sura moja tu.

“Hiyo pua naijua, niliizaa mwenyewe!” Mama Mugeta alinyoosha kidole ukutani. “Hao wote hapo ni marehemu. Na wewe umemweka mwanangu katikati yao, yuko hai!”

“Mama, sikuwaza hivyo. Nilikosa tu sura ya kuchora.”

“Mimi nasaliga, kanisani kila Jumapili nipo. Lakini hili naliogopa. Mtu hai hapangwi na wafu. Yuko wapi sasa hivi?”

“Alienda Mugango kufuata dagaa wa kuuza.”

“Mpigie.”

Marieta alijifuta mikono kwenye gauni, akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Ndipo akaona meseji iliyoingia asubuhi, wakati mikono imejaa rangi. Uso ukamshuka.

“Amesemaje? Soma kwa sauti.”

“Mama...”

“Soma!”

Akasoma: “Mpenzi, dagaa hapa wameisha. Napanda boti niende kisiwani. Ziwa limechafuka ila tutafika. Usimwambie mama.”

Mama Mugeta alikaa chini kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri.

“Mwanangu amekufa,” alisema.

“Hajafa, mama!”

“Basi mfute! Chukua rangi nyeupe umfute haraka!”

Marieta alichukua brashi, akaichovya, akapanda. Mkono ukagoma mbele ya yale macho.

“Unasubiri nini?”

“Mama, yuko majini. Nikimfuta saa hii, si ndiyo nimemfuta kabisa?”

Mama Mugeta aliiachia ngazi. Hilo hakuwa amelifikiria.

“Na ukimwacha?”

“Sijui. Naogopa vyote viwili.”

“Ndiyo maana nilikuwaga nakukataa. Nilimwambia, mwanamke wa kupanda ngazi atatuletea balaa.”

Marieta alilia, halafu akaacha kulia ghafla.

“Mama, marehemu baba yake Mugeta mvi zilimwanzia wapi?”

“Zinakuhusu nini?”

“Niambie tu, nakuomba.”

“Hapa. Juu ya masikio.”

Marieta alipaka mvi juu ya masikio. Akashusha mashavu. Akachora makunyanzi.

Mama Mugeta akanyanyuka taratibu. Alikuwa ameelewa.

“Ongeza mvi,” alisema kwa sauti ndogo. “Ongeza tena. Na kipara, baba yake alikuwaga na kipara. Jino hilo toa.”

“Hili?”

“Na la pembeni. Mpe na fimbo ya kutembelea.”

Walifanya hivyo, mmoja juu na mmoja chini, mpaka ukutani akabaki babu aliyekula chumvi nyingi, lakini pua ni ileile.

“Huyo sawa,” mama alisema. “Akifikisha uzee huo, ndipo afe.”

Simu ya Marieta ikaita. Namba ngeni. Hakuna aliyetaka kuipokea. Mwishowe Marieta akashuka, akabonyeza.

“Haloo?”

“Marieta, ni mimi. Simu yangu imelowa, hii ni ya mwenzangu. Injini ilituzimikia ziwani, wametuvuta mpaka Mugango. Mama asijue.”

Machozi yakamtoka Marieta. Mama Mugeta akampokonya simu.

“Mura, kijana wangu! Mama anajua! Rudi nyumbani sasa hivi! Na boti sitaki tena kuisikia!”

Alikata, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akautazama ukuta.

“Mbona mzee yuko peke yake? Werema hakuwa na mke?”

“Alikuwa naye. Naye hakuacha picha.”

“Mchore, basi. Bibi kizee hasa, asiye na haraka ya kwenda popote.”

“Kwa sura ya nani, mama?”

“Kioo huna kwako?”

Marieta alimtazama. Kujiweka mwenyewe pale katikati ya marehemu kulimwogopesha kweli.

“Mkizeeka, mzeeke wote,” mama alisema, akaishika ngazi kwa mikono miwili. “Panda, mwanangu. Nimekushikia.”

Marieta akapanda. Akaanzia na mvi.