Bibi Harusi Alifika Ameketi

Margareta alikuwa akitwanga sombe uani kwake Kasingirima, lakini macho yake hayakuwa kwenye kinu. Yalikuwa ziwani. Mchi uligonga ukingo wa kinu, majani ya muhogo yakamrukia usoni.

"Mwakeye, Mama Kalisti," alisalimu kwa Kiha jirani yake, Siwema, akisimama mlangoni. "Leo unatwanga sombe au unatwanga kinu?"

"Natwanga mawazo, ndugu yangu. Karibu."

Siwema aliketi juu ya debe tupu. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Kila wiki alipanda mtumbwi kwenda vijiji vya kaskazini kununua mafuta, akarudi kuyauza Ujiji. Hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyelijua ziwa kama yeye.

"Ni Regina?" aliuliza.

"Ni Regina. Jumamosi tunampeleka."

Regina alikuwa binti wa Bonifasi, kaka yake Margareta. Alikuwa anaolewa na Leodgar, kijana wa Nyamkombe, kijiji kipya cha ujamaa upande wa kaskazini. Gari halikufika huko. Njia ilikuwa ziwa.

Watu wa Nyamkombe walikuwa na desturi yao. Mtumbwi wa harusi ukikaribia nchi kavu, hugeuzwa ubavu ili watu wote wamwone bibi harusi. Yeye husimama katikati, na shangazi yake humshika kiuno. Wanawake wote husimama pia, wakiimba na kupiga vigelegele. Margareta mwenyewe alipokelewa hivyo siku ya harusi yake, kabla hajahamia Kasingirima na mumewe. Hakuisahau siku ile. Sasa yeye ndiye shangazi, na kiuno cha kushika kilikuwa cha Regina.

Lakini kiangazi kilichopita mtumbwi wa harusi nyingine ulipinduka pale pale Nyamkombe. Bibi harusi aliokolewa. Mama mmoja aitwaye Marcelina alibanwa chini ya mtumbwi, akafa katika maji yaliyomfika mtu mzima kifuani. Wapokeaji walikuwa karibu naye hata waliweza kumwita kwa jina.

"Kila nikifumba macho namwona Marcelina," alisema Margareta. "Na kila nikiyafumbua, naona mawimbi."

Kabla Siwema hajajibu, Bonifasi aliingia uani akitabasamu.

"Dada, tulia sasa. Nimepata mtumbwi wa Filemoni, ule mkubwa. Tutaingia wote, na ngoma zetu. Huo haupinduki."

"Shikamoo, kaka Bonifasi," alisema Siwema.

"Marahaba."

"Mtumbwi mkubwa nao hupinduka. Tofauti ni kwamba unawafunika wengi zaidi."

Tabasamu la Bonifasi lilipungua. "Wewe Siwema una maneno makali kuliko pilipili. Basi tusioze watoto?"

"Tuwaoze. Lakini njooni kwanza mtazame kitu."

Aliwachukua mpaka ufukweni. Jua lilikuwa limepita utosi. Upepo wa kusini ulivuma bila kupumzika, ukazivuta khanga za wanawake na kutupa mchanga machoni. Mbali ziwani maji yalipanda na kushuka tu. Karibu na ufukwe yalisimama, yakapinda, yakaanguka kwa kishindo.

"Wimbi linaumiza wapi?" aliuliza Siwema. "Kule kwenye kina, au hapa?"

"Hapa," alijibu Margareta.

"Kwa nini?"

Siwema alichuchumaa, akachora mteremko mchangani kwa kidole.

"Kule kwenye kina wimbi linatembea, halina cha kuligusa. Likifika hapa, maji ya chini yanakwaruza mchanga, yanachelewa. Maji ya juu hayana habari, yanaendelea na safari. Ndipo wimbi linaanguka, kama mtu aliyejikwaa. Kwa hiyo mahali pa hatari ni hapa hapa, mahali ambapo sisi tunaanza kushangilia."

"Lakini watu walifika salama miaka yote," alisema Bonifasi. "Mama yetu alisimama. Dada huyu alisimama."

"Mama Kalisti, ulisimama wapi wewe?"

"Nyamkombe."

"Nyamkombe ipi?"

Margareta aligeuka kutazama upande wa kaskazini. Aliiona tena siku ile. Aliona mlima mrefu, rasi ya mawe, na maji yaliyolala kimya nyuma ya rasi.

"Nyamkombe ya zamani," alisema polepole. "Kabla watu hawajahamia kijiji kipya."

"Haswa. Kule rasi ilizuia upepo. Mtu angeweza kusimama na beseni la maji kichwani. Kijiji kipya kiko mahali pazuri, kina shule na mashamba ya tambarare. Lakini ufukwe wake uko wazi kwa upepo wa kusini. Watu walihama na vyungu vyao, na desturi zao pia. Maji tulivu hayahami."

Bonifasi alipiga jiwe teke. "Unataka nini, basi?"

"Tuondoke alfajiri, kabla upepo haujaamka. Tukikuta mawimbi yanavunjika, tungoje nje yake. Mkia wa mtumbwi uelekee wimbi, pua ielekee mchanga. Ubavu usipewe wimbi hata kidogo. Na watu wote wakae chini mpaka mtumbwi ushikwe."

"Wakae? Binti yangu afike amekaa kama gunia la muhogo? Unamjua Skolastika?"

Skolastika alikuwa shangazi wa Leodgar. Harusi ikipita mdomoni mwake ilisimuliwa mpaka mavuno mengine.

"Namjua," alisema Siwema. "Ulimi wake haujamzamisha mtu."

"Tukifika tutaona," alisema Bonifasi.

"Ukifika, kaka, wakati wa kuona umepita."

Margareta hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa akiyatazama mawimbi. Aligundua jambo. Hayakulingana. Yalikuja makubwa yakifuatana, kisha yakaja madogo, na ziwa likawa kama linavuta pumzi. Baadaye makubwa yakarudi.

"Pale katikati," alisema, akinyoosha mkono. "Pale yanapopumzika. Ndipo pa kupita?"

Siwema alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndipo. Unapita nyuma ya mgongo wa wimbi la mwisho. Hulikimbii, wala hulisubiri likukute."

"Mimi ndiye nitakayemshika Regina," Margareta alimwambia kaka yake. "Nikikaa mimi, naye atakaa."

Bonifasi alikung'uta mchanga miguuni, akageuka kurudi nyumbani. Hakukubali, na hakukataa.

Jumamosi mtumbwi haukuondoka alfajiri. Walimngoja mpiga ngoma. Kisha walimngoja mtu aliyekwenda kumtafuta mpiga ngoma. Margareta alikwenda majini, akarudi, akakaza kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. Walipoondoka hatimaye, jua lilikuwa limekwisha pata nguvu.

Filemoni, nahodha, alikaa nyuma na kasia la kuongozea. Siwema alikaa karibu naye, akimweleza mpango wake. Wapiga makasia walikuwa pande zote mbili. Regina alikuwa katikati, amefunikwa khanga mpya, na Margareta alikuwa ubavuni pake.

"Shangazi," alinong'ona Regina, "mkono wako unanibana."

"Samahani, mwanangu."

Baada ya kidogo Regina alisema tena, "Bado unanibana."

Walipoivuka rasi ya Nyamkombe ya zamani, maji nyuma yake yalikuwa kimya kama maziwa bakulini. Margareta aliyatazama mpaka yakapotea. Kisha upepo ukawapiga mgongoni, na wakauona ufukwe wa kijiji kipya. Watu walikuwa wamejaa. Ngoma zilikuwa zinalia. Mbele ya watu, mawimbi yalikuwa yanavunjika, mstari mweupe baada ya mstari mweupe.

"Makasia chini," aliamuru Filemoni. "Tunangoja."

Mtumbwi ulielea nje ya mawimbi, ukapanda na kushuka. Ufukweni ngoma zilinyamaza. Watu walitazamana. Kwa kawaida upande wa bibi harusi hukataa kushuka mpaka upewe zawadi, lakini hukataa ukiwa umefika.

"Mnataka nini?" alipaza sauti Skolastika. Sauti ilikuja vipande vipande na upepo. "Mbuzi tumetoa! Semeni, mnataka nini tena?"

Vijana walicheka. Ngoma zikaanza upya, kwa nguvu zaidi. Ulikuwa wimbo wa mapokezi. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele mtumbwini akaanza kupiga makofi. Mwingine akainua goti. Bonifasi alimtazama dada yake kwa macho ya kuomba.

"Dada, watu wote wanatutazama."

Margareta alihisi miguu yake mwenyewe ikijikusanya. Wimbo ule aliujua kwa mwili. Chini ya mkono wake kiuno cha Regina nacho kilianza kuinuka. Na pale ufukweni, vijana walikuwa wamekwisha kimbilia majini, wamesimama mbele kabisa, mahali ambapo mtumbwi ungewaangukia.

Hakuna ambaye angesikia maneno ya kusemwa katika upepo ule. Wangesikia wimbo tu.

Margareta alimvuta Regina chini. Alipiga ubao wa mtumbwi kwa kiganja, mara moja, mara mbili, akaimba kwa sauti yake yote:

*Wa mbele tokeni, njooni pembeni!*

Wanawake wa mtumbwini walishtuka. Hayo hayakuwa maneno ya wimbo. Aliyekuwa ameinua goti alibaki nalo hewani.

*Tumekaa, tumekaa,* aliimba Margareta, akimtazama mwanamke yule, *mchanga haujatuita.*

Goti likashuka. Siwema, huko nyuma, aliitikia kwanza: *Tumekaa, tumekaa.* Wengine wakamfuata, wakipiga mbao kwa viganja. Mtumbwi mzima ukawa ngoma.

*Wa mbele tokeni, njooni pembeni, shikeni pua, acheni ubavu!*

Ufukweni Skolastika alisimama mikono kiunoni. Alisikiliza mara ya kwanza. Alisikiliza mara ya pili. Kisha akaingia majini mpaka magotini na kuwapiga vijana migongoni kwa ukingo wa kitenge chake.

"Hamsikii mnachoimbiwa? Pembeni! Nyie kule, na nyie huku!"

Mawimbi makubwa yalipita chini ya mtumbwi, moja, jingine, na jingine. Kila moja lilimwinua Margareta na kumshusha. Hakuacha kuimba.

"La mwisho hilo," alisema Siwema. "Filemoni?"

"Nimeliona. Pigeni!"

Makasia yaliingia kwa pamoja. Mtumbwi ulifuata mgongo wa wimbi, pua ikiutazama mchanga. Nyuma yao wimbi jingine lilianza kunyanyuka. Mkia ulitaka kuteleza kushoto. Filemoni aliegemea kasia lake kwa uzito wote, akaunyoosha. Povu liliingia kwa juu, likawalowesha. Mwanamke mmoja alilia, lakini alilia ameketi.

Pua iligusa mchanga. Vijana wa pande zote mbili waliishika, wakavuta. Wimbi lililowafuata lilipovunjika, lilikuta mtumbwi umekwisha panda nchi kavu. Likarudi ziwani mikono mitupu.

Walishuka kwa kupitia mbele, mmoja mmoja. Margareta alikuwa wa mwisho, akiwa amemshika Regina mkono. Mchanga ulipomgusa nyayo, alipangusa maji usoni.

Skolastika aliwasogelea. Kitenge chake kilikuwa kimelowa. Watu walikaribia ili wasikose neno.

"Shangazi mwenzangu," alisema, "kwetu bibi harusi huletwa amesimama. Huyu umemleta amekaa."

"Nimemleta mzima," alijibu Margareta. "Kusimama anasimama sasa. Mtazameni."

Akamfunua Regina khanga. Regina alisimama juu ya mchanga mkavu, maji yakimdondoka nyweleni, akicheka. Hakuna aliyekuwa mbali mno asimwone. Skolastika alimtazama kutoka utosini hadi nyayoni. Kisha macho yake yalikwenda mahali fulani pale majini, si mbali. Margareta alijua ni mahali gani. Marcelina alikuwa rafiki wa Skolastika.

"Wimbo huo," alisema Skolastika kwa sauti ya chini, "laiti tungekuwa nao mwaka jana."

Ndipo akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu, na ngoma zote zikamjibu.

Kiangazi kilichofuata, Skolastika alimwoza binti yake wa kwanza. Maharusi walikuwa wanatoka Nyamkombe kwenda Ujiji, na upepo ulikuwa ule ule. Kabla ya siku ya safari alimtumia Margareta ujumbe kwa mdomo wa Siwema.

Siwema aliukuta mchi uani ukilia sawasawa.

"Mama Kalisti, Skolastika anakusalimu. Anasema wataondoka alfajiri, na mpiga ngoma atalala nyumbani kwake ili asipotee. Tena wazee wa kijiji wamekubaliana: desturi ya kumwonyesha bibi harusi ibaki, lakini aonyeshwe mchangani. Mtumbwi usigeuzwe ubavu tena."

"Vema. Na wimbo anaukumbuka?"

"Anaukumbuka wote. Ila anasema ameongeza ubeti wake, kuhusu shangazi mmoja wa Kasingirima aliyefika harusini amelowa kama dagaa."

Margareta aliuweka mchi chini ili acheke vizuri. Mbele yao, chini ya mtaa, mawimbi yalikuwa yanaanguka ufukweni, makubwa, kisha madogo. Alingoja yapumzike. Yakapumzika. Akachukua mchi, akaendelea kutwanga.